Mvumo Uliobaki

Wengi waliopita kwenye studio ile hawakujua jina lake la kuzaliwa. Walimwita Mama Kimya, kwa sababu neno la kwanza alilomwambia kila mwanamuziki aliyeingia, hata kabla ya karibu, lilikuwa "Kimya kwanza." Alifunga mlango, akasimama katikati ya chumba na kidole hewani, akasikiliza. Baada ya hapo ndipo alipokukaribisha, akakuuliza habari za nyumbani na kukuonyesha pa kuweka viatu.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba aliyoishi na mumewe. Mumewe alikuwa fundi bomba, na chumba kile zamani kilikuwa stoo yake. Alipohamishia vyuma vyake kwenye banda la uani, mkewe alikwangua kutu sakafuni, akabandika ukutani magodoro yaliyochoka ya bweni moja lililofungwa, akayavalisha kitambaa cha kahawia. Watu walimshauri abandike trei za mayai kama wanavyofanya wengine. Aliwajibu kuwa trei za mayai zinafaa kubebea mayai.

Kazi hiyo alijifunzia redioni, alikoanza kama mpokea wageni. Kila alipopata nafasi alichungulia chumba cha mitambo, akafukuzwa, akarudi, mpaka fundi mkuu akachoka kumfukuza na kumpa kiti. Alikaa kwenye kiti kile miaka mingi kabla ya kuanzisha studio yake. Walioleta kazi kwake walifuata sikio lake kuliko mitambo, maana mitambo ilikuwa ya kawaida tu. Aliweza kusikiliza wimbo uliorekodiwa kwingine, akakuambia kuwa mpiga kinanda alikuwa amevaa bangili.

Asubuhi moja alikuja mjomba wake, kitindamimba wa nyumba ya bibi yake. Mjomba alikuwa amefundisha jiografia sekondari hadi kustaafu, lakini mtaani hakuna aliyemkumbuka kwa ramani. Walimkumbuka kwa gitaa la umeme alilolipiga kwenye bendi ya harusi kila mwisho wa wiki, amevaa shati lile lile la mikono mirefu alilofundishia. Sasa mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kumsaliti. Vidole viwili vya mwisho vilikufa ganzi, na asubuhi nyingine viliamka vizito kama vya mtu mwingine. Daktari alisema kuna mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kiwiko, lazima apasuliwe, na hakuweza kumuahidi kwamba vidole vitarudi vilivyokuwa. Mjomba aliomba upasuaji uahirishwe kidogo, kisha akampigia simu mpwa wake.

"Nina nyimbo saba kichwani," alimwambia. "Hazina maneno. Hazijawahi kutoka nje ya nyumba yangu. Nataka zitoke kabla hawajanichana."

Basi akaja na gitaa mgongoni na amplifaya mkononi, sanduku la mbao lenye spika na mitambo humo humo. Kishikio chake kilikatika zamani, akakifunga kwa mkanda wa suruali. Mama Kimya aliliweka juu ya kreti tupu ili lisitetemeshe sakafu, akachukua maiki yake ya chuma, nzito kama nyundo, akaisimamisha karibu kabisa na kitambaa cha spika, pembeni kidogo mwa katikati, kwa kuwa katikati sauti hutoka kali mno. Akavaa hedifoni, akaketi mbele ya kompyuta.

"Haya, Mjomba. Piga chochote nisikie."

Mjomba akapiga. Ulikuwa wimbo wa taratibu, wenye sehemu ambapo noti mbili zinafuatana kama watu wanaopishana mlangoni. Alipoinua mkono na noti ya mwisho ikafifia, chini yake pakabaki vitu. Kulikuwa na mvumo mzito, mmm, kama wa mashine inayofanya kazi nyumba ya pili. Kulikuwa na mkwaruzo, krr, krr, uliokuja na kwenda. Na juu kabisa ya hayo yote kulikuwa na mlio mwembamba usiokatika.

"Usipige tena. Usiguse kitu," akasema.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Maiki ina kelele."

Mjomba akatega sikio, akatikisa kichwa. "Mimi nasikia gitaa tu."

"Wewe unasikia unachokipenda. Mimi silipwi kwa hilo."

Akaanza na mkwaruzo, kwa sababu kitu kinachokuja na kwenda mara nyingi ni kitu kilicholegea. Aliukunja waya wa maiki polepole kuanzia upande wa kompyuta, shubiri kwa shubiri. Alipofika kwenye plagi ya mwisho, mkwaruzo ukafuata vidole vyake. Akaifungua plagi kwa bisibisi. Ule waya wa nje, unaowazunguka wenzake kama ngozi ili kuwakinga na kelele, ulikuwa umekatika karibu wote, umebakiwa na unywele mmoja.

"Huu umekuwa ukinidanganya," akasema, akautupa pembeni, akachomeka mwingine. Mkwaruzo ukaisha. Mvumo ukabaki.

Akamwambia Mjomba azungushe sauti ya amplifaya hadi sifuri. Mvumo ulibaki. Akamwambia aizime kabisa. Ukaisha. Aiwashe. Ukarudi. Hapo akavua hedifoni, akapiga magoti, akaweka sikio karibu na spika yenyewe. Spika ilikuwa kimya, ina pumzi kidogo tu. Akakuna kichwa.

"Kwa hiyo spika haivumi, lakini maiki inasikia mvumo," Mjomba alisema, na ile sauti ya darasani ilimrudia. "Inausikia kutoka wapi?"

Mama Kimya aliichomoa maiki kwenye kisimamio, akavaa hedifoni tena, akawa anaizungusha hewani mbele ya sanduku kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Upande wa chini kulia mvumo ulijaa hadi akakunja uso. Alipoipandisha juu kushoto, ukafifia, ukapotea. Akacheka peke yake.

"Humu ndani kuna transfoma," akamweleza, akigonga kona ya chini ya sanduku. "Donge la chuma lililozungushiwa waya. Na ndani ya maiki yangu kuna waya mwembamba uliozungushwa vilevile. Vikikaribiana, hili linamnong'oneza mwenzake bila sauti kupita hewani. Wewe na mimi hatusikii kitu, ila maiki inasikia."

"Kumbe vinasengenyana."

"Ndiyo maana nimevitenganisha."

Akafunga maiki upande wa juu kushoto wa spika, akarudi kwenye kompyuta. Kwenye kioo, mstari wa sauti ulikuwa umelala kama uzi uliovutwa. Hapo kazi ilipaswa kuanza. Lakini ule mlio mwembamba ulikuwapo bado.

Alibadilisha maiki. Upo. Akaichomoa maiki kabisa, akaacha waya mtupu. Upo. Akavua hedifoni, na mlio ukabaki chumbani, mwembamba, wa juu, kama waya wa chuma unaovutwa bila mwisho.

"Basi si maiki," akasema. "Ni chumba."

Hakushangaa sana, kwa kuwa yeye na mlio ule walikuwa wanafahamiana. Siku za nyuma aliishuku kwanza taa ya dari, akaibadilisha. Kisha akalishuku jokofu, na mumewe akalibeba hadi barazani akitoka jasho, likakaa huko na kuwapa majirani cha kuongea. Alishuku mita ya umeme. Alishuku king'amuzi cha nyumba ya jirani. Kila alipokiondoa kitu, kwa siku kadhaa aliona kama mlio umepungua, kisha ukarudi.

Siku hiyo hakutaka kuvumilia tena. Mjomba alikuwa ameketi, vidole vyake viwili vikianza kukakamaa. Mama Kimya akafungua dirisha, akamwita mumewe aliyekuwa anakata bomba uani.

"Baba watoto, nizimie swichi kuu."

"Ya nyumba nzima?"

"Ya nyumba nzima. Na msumeno uuweke chini kidogo."

Fundi akapita na bisibisi mkononi, akaenda kwenye kisanduku cha umeme ukumbini. Kikasikika kishindo kidogo. Feni ya kompyuta ikapunguza mbio, ikasimama. Jokofu la barazani likatikisika, likanyamaza. Kulikuwa kweupe, jua limeingia dirishani na kulala juu ya godoro la ukutani, na huko nje kulikuwa na mtu mmoja tu anayefagia.

Mama Kimya alisimama katikati ya chumba kama kawaida yake, kidole hewani.

Mlio ulikuwapo.

Akaziba masikio kwa vidole. Ukaongezeka, ukajaa kichwani kama maji kwenye ndoo. Akavitoa vidole taratibu. Baadaye alisema kuwa pale hakugundua kitu kipya. Alikuwa amejua muda mrefu, ila mradi kulikuwa na taa ya kubadilisha, alikuwa na pa kukimbilia. Sasa hapakuwa na kitu chochote kilichowashwa.

"Umekwisha?" Mjomba akauliza.

Akageuka kumtazama.

"Mama, nakuuliza, umekwisha?"

"Wewe unasikia nini, Mjomba?"

"Fagio. Na tumbo langu, sikunywa chai."

Mumewe alikuwa ameshafika mlangoni. Huyu naye si mtu wa kusikiliza juu juu. Akitafuta bomba linalovuja chini ya sakafu, huweka ncha moja ya nondo kwenye saruji na nyingine sikioni, akafumba macho, akakuambia vunja hapa. Akainamisha kichwa, akasikiliza muda wote aliouona unatosha.

"Hakuna kitu, mke wangu. Kumetulia."

"Kwangu hakujatulia," akasema.

Akakaa chini palepale, mgongo kwenye godoro. "Ni mimi. Ni sikio langu. La kushoto zaidi."

Wanaume wale wawili wakatazamana. Mumewe akachuchumaa mbele yake.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujatoa jokofu nje."

Pengine mtu mwingine angecheka, au angelalamika juu ya mgongo wake uliolibeba. Fundi alitazama bisibisi yake, akaizungusha. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilidhani ni taa." Akashusha sauti, "Halafu nikaogopa si taa. Mtu akija hapa anakuja kwa sababu ya sikio hili. Nikimwambia limeharibika, nimebaki na nini? Magodoro?"

Mumewe alijua kuunganisha vitu vilivyopasuka, lakini pale hakujua ashike wapi.

Mjomba ndiye aliyeuliza, kwa namna ileile ambayo zamani angemuuliza mwanafunzi mto unaanzia wapi: "Mlio wenyewe ukoje? Wa juu au wa chini?"

"Wa juu. Juu sana."

Akavuta gitaa mapajani. Umeme ulikuwa umezimwa, na gitaa la umeme lisilo na umeme halina sauti kubwa kuliko ya chanuo, lakini katika chumba kile iliwatosha. Akapiga noti ya mwisho kabisa kwenye shingo, uzi mwembamba.

"Juu zaidi."

Akagusa uzi kwa namna fulani katikati, ukatoa sauti ya kioo.

"Zaidi."

Mjomba akafikiri. Kisha akapeleka mkono mahali ambapo hakuna mtu anayepiga, kile kipande kifupi cha uzi kilichobaki kati ya mwisho wa shingo na vigingi vya kukazia. Akakidonoa kwa ukucha. Ting. Mama Kimya akainua uso.

"Karibu. Bado kidogo."

Akakaza kigingi kidogo, kwa uangalifu, uzi usije ukakatika. Ting.

"Huo."

"Huu?"

"Huo huo. Ila wangu haukatiki."

Mjomba akaanza kukidonoa haraka haraka kwa ukucha, ting ting ting, mpaka milio ikashikana na kuwa kitu kimoja chembamba kilichojaa chumba. Aliendelea hivyo, uso umekazana, na mkono huu haukuwa ule mgonjwa. Fundi alikuwa amesogeza kichwa. Alisikiliza kama anavyosikiliza sakafu, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mjomba akaacha.

"Kila siku?" mumewe akauliza.

"Kila saa. Usiku ndiyo zaidi."

"Na sasa hivi, ameacha kupiga, wewe bado..."

"Bado."

Akakaa sakafuni kando yake, suruali yake ya kazi ikiacha vumbi la chuma kila mahali, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno. "Basi na mimi nimeusikia," akasema.

Waliwasha umeme, wakajaribu kurekodi wimbo mmoja, kwa kuwa Mjomba alikuwa ameshakuja na kiwiko hakingoji. Alipiga vizuri. Lakini mwisho wake, pale noti inapofifia na fundi sauti anatakiwa kusema kama imeisha safi au kuna uchafu, Mama Kimya alijikuta akitazama kioo badala ya kusikiliza.

"Iko sawa?" Mjomba aliuliza.

"Sijui," akajibu. Hakuwahi kumjibu mteja neno hilo.

Mjomba akazima amplifaya mwenyewe. "Tukanywe chai. Nimesema sijanywa chai."

Mumewe ndiye aliyempeleka Mama Kimya hospitali, na alimpeleka hasa, maana asubuhi hiyo mkewe alikumbuka ghafla kazi tatu zisizo na haraka. Daktari wa masikio alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimwingiza kwenye kijumba kidogo chenye kuta za sponji, akampa hedifoni na kitufe, akamwambia abonyeze kila atakaposikia mlio. Mama Kimya hakuweza kujizuia. Kabla ya kuanza alimwambia feni ya ukumbini inaingia humu kupitia chini ya mlango.

"Wewe ni mtu wa kwanza kusema hivyo," daktari alisema, akaenda kuizima.

Kipimo kilimchosha kuliko alivyotarajia. Ilifika mahali hakujua kama anabonyeza kwa sababu ya mlio wa mashine au wa kwake. Alipotoka, daktari alimwonyesha mstari kwenye karatasi. Upande wa kushoto mstari uliteremka mwishoni kama ngazi.

"Unavaa hedifoni kazini?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Kwa sauti kiasi gani?"

"Ya kazi."

"Ya kazi ni kiasi gani?"

Mama Kimya alikumbuka redioni, jinsi walivyovaa hedifoni upande mmoja tu, sikio la kushoto likiwa ndani na la kulia nje ili wamsikie mwongozaji, na jinsi alivyokuwa akiongeza sauti kila chumba kilipojaa watu. Miaka yote ile sikio moja lilifanya kazi ya mawili.

Daktari alimweleza bila kuzungukazunguka. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vya juu vikifa havioti tena, na ubongo, usipopata sauti uliyozoea kupata, hujitengenezea yake. Akamwambia ashushe sauti, apumzishe masikio kila baada ya kipande cha kazi, na asijifungie penye kimya kabisa. Alale na feni au redio ya chini.

"Kwa hiyo hautoki?"

"Kwa watu wengi hautoki. Lakini hupunguza kusumbua, kadiri mtu anavyoacha kuutafuta."

"Kazi yangu ni kutafuta kelele, daktari."

"Basi tafuta za wengine," daktari alisema, na hakusema kwa utani.

Mama Kimya alipofika nyumbani aliingia studio, akafunga mlango, akakaa. Wanaomfahamu wanasema hakuwa mtu wa machozi, na hakuna ajuaye kama siku ile alilia. Alichosema baadaye ni kwamba kulikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko nyimbo zote alizorekodi. Ni ile nafasi ndogo kabla ya kusema anza, watu wameshika pumzi, na chumba hakina kitu. Aliiona kama yake. Na sasa aliketi mahali pale pale, akaitafuta, isiwepo, na akajua haitakuwepo tena.

Mumewe hakumfuata na maneno. Kwa muda alisikika akigongagonga barazani, akihema, akisukuma kitu kizito kwenye kizingiti. Mama Kimya alipotoka alikuta jokofu limerudi jikoni, na mumewe amelala chali kwenye vigae, anapumua kama aliyekimbizwa.

"Lilikuwa halina kosa," alisema.

Mkewe akakaa kando yake, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga. Hapo ndipo walipozungumza hasa, mpaka chakula kikachelewa.

Kazi ya Mjomba iliendelea, lakini kwa mtindo mwingine. Mama Kimya alishusha sauti ya hedifoni hadi akahisi anasikiliza kutoka chumba cha pili. Alisikiliza kwa sikio la kulia kwanza. Walirekodi wimbo mmoja, wakatoka uani, wakakaa juani bila kusikiliza kitu, wakarudi. Na kila kipande kilipokamilika, Fundi aliitwa aje asikilize noti ya mwisho ikififia. Aliingia na buti zake, akavua kofia kana kwamba anaingia mahali pa ibada, akavaa hedifoni, akafumba macho.

Mwanzoni mkewe hakumwamini. Ilimuuma pia, lazima isemwe, kukabidhi jambo lile kwa mtu asiyejua tofauti ya gitaa la besi na la kawaida. Siku ya pili Fundi alifungua macho, akasema, "Kuna mtu anakwaruza."

"Hakuna mkwaruzo. Waya nilibadilisha."

"Si waya. Ni kitu kigumu kinagusa mbao. Kila wimbo ukipanda, kinagusa."

Wakachunguza. Kilikuwa kifungo cha shati la Mjomba, kikigusa mgongo wa gitaa kila alipovuta pumzi kuelekea sehemu ngumu. Mama Kimya alimtazama mumewe kwa muda, kisha akamwambia Mjomba avue shati. Nyimbo zilizobaki mwalimu mstaafu wa jiografia alizipiga akiwa na fulana, akinung'unika kuwa kama wanafunzi wake wangemwona hivyo, hakuna ambaye angefaulu.

Walipata nyimbo sita. Wa saba ulihitaji vidole vitanuke mno, na siku hiyo vya mwisho viwili vilikataa kabisa. Alijaribu, akajaribu, akaweka gitaa chini.

"Tunaweza kuurahisisha," Mama Kimya alisema. "Hii noti ya chini uiache."

Mjomba akafikiri. "Hapana. Ukiiacha hiyo, unakuwa wimbo mwingine. Huu ubaki kichwani, nao uwe na kwao."

Alipasuliwa. Kidole kimoja kilirudi karibu chote, cha mwisho kikabaki kigumu kama penseli, na mpaka leo anakilaani kwa majina ya milima. Rekodi alimpelekea mkewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mke akasikiliza zote sita akiwa na kisu na kitunguu mkononi, bila kukata.

"Hizi zote ulikuwa nazo humu ndani?" akamuuliza.

"Nilizipiga sebuleni miaka yote. Ulikuwa jikoni."

"Nilidhani unakaza nyuzi," mkewe alisema. Kisha akamwomba azirudie kuanzia mwanzo, akavuta kiti.

Mama Kimya hakufunga studio. Alipunguza kazi za bendi zenye kelele, akaongeza za sauti za watu: hadithi, mahubiri, matangazo. Wapo wateja waliopungua. Mlio haukuondoka. Anasema kuna siku nzima inapita, anaushtukia jioni, kama mtu anayeshtuka kuwa mgeni bado yuko sebuleni. Na kuna siku unamkalia kichwani tangu asubuhi, asifanye kitu. Siku kama hizo hupanga upya waya, au huenda kumshikia mumewe bomba.

Kilichobadilika kabisa ni ulimi wake. Mtu akija siku hizi, akishamkaribisha, humwambia wazi: sikio langu la kushoto linalia, nikikuuliza jambo mara mbili usichoke. Wengine huona haya kwa niaba yake. Mwanzoni na yeye aliona, akajikaza kisabuni, akazoea.

Hivi karibuni alikuja mpiga ngoma mmoja, mwanamume mpana mwenye mikono ya kubebea mifuko ya saruji, kurekodi sehemu yake kwenye wimbo wa kundi lao. Aliambiwa maneno yaleyale mlangoni. Akaitikia kwa kichwa, akafanya kazi yake, akaimaliza vizuri. Alipokuwa anarudisha fimbo zake kwenye mfuko, alichelewa kufunga zipu.

"Wewe lako linaliaje?" akauliza, bila kumtazama.

"Kama uzi wa chuma. Kwa nini?"

"Langu kama birika. Yote mawili."

"Umemwambia nani?"

Mpiga ngoma akatikisa kichwa. Mama Kimya akaizima kompyuta iliyokuwa bado inasubiri wimbo, akafungua dirisha sauti za mtaa ziingie, akamsogezea kiti.